Manowari Saba za Kuzama

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefunga karakhana baada ya alasiri. Pampu mbili za watu zimelala chini, sijazifungua. Watangoja. Manowari ya sita imekauka rangi, imebaki moja.

Naziunda ndogo ndogo, za mfano, kwa bomba la plastiki, lile lile ninalotia visimani. Nalipasha moto, likilainika nabana ncha. Mnara nachonga kwa mti, uzio wa waya wa shaba. Jumatano zinakwenda Nizwa, huku huku Omani, kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Mara ya kwanza kutoka nje ya nyumba hii.

Maelezo nimeyaandika kwa Kiswahili. Kiarabu changu cha mdomo tu; kalamu yangu ya darasa la saba, tena la Unguja. Rahma atayafasiri. Mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mie na mke wangu Zuwena tangu ana miaka tisa. Sasa ana watoto wake wawili na kazi ya ofisini huko huko Nizwa, na bado kasema lete, Mjomba. Mungu ampe kheri.

Seif wa duka la betri kaja kuchungulia. Wao walitoka Mwanza. Kasoma daftari langu, kacheka.

"Bwana Suleiman, manowari ya kuzama? Nani ataipanda hiyo? Inaitwa nyambizi."

Nikamwambia hilo neno lenu la redioni. Mamangu kasema manowari ya kuzama mpaka anaingia kaburini.

"Haya. Usije ukaniambia sikukwambia."

Mtu wa bara anifunze mie Kiswahili. Nilimtolea kahawa hata hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekasirika tangu asubuhi. Bwana wa maonyesho kapiga simu: kila manowari mistari miwili, isizidi. Ati watu hawasomi.

Mistari miwili! Mie nina kurasa nne kwa kila moja. Vipi utamweleza mtu kwa mistari miwili namna Wajapani walivyoanza, baada ya vita vya kwanza vya dunia, hawana manowari ya kuzama ya maana? Wakenda kwa Mtaliana wakachukua mchoro wake. Mwili dhaifu, mashine zinasumbua. Wakenda kwa Mfaransa. Wakenda kwa Mngereza, ya Mngereza ikawafaa. Hawakuona haya kujifunza. Lakini hawakubaki kuiga. Walichukua umbo la Mfaransa, wakalitia nguvu mwili, maganda mawili, moja ndani ya jengine, wakaunda yao. Wakaiita kaichu. Kai ya bahari, chu ya kati. Si ile ndogo ya kulinda bandari, si ile kubwa ya kuvuka dunia. Ya kati.

Nilipopasoma pahala hapo mara ya kwanza, na kamusi ya Kingereza mkononi, nilihisi kama wananisema mie. Mtoto wa kati. Fundi wa kati. Sina ninachopenda katika vita, astaghfirullah. Napenda mtu anayechukua kitu kibovu cha mwenziwe akakaa nacho mpaka kikawa kizima. Ndiyo kazi yangu.

Nimekata. Nimekata mpaka mkono unauma. Ya kwanza imebaki: "Kaichu ya mwanzo. Ilizama mita arubaini na tano." Hasira tupu. Nimeyatuma maelezo yote kwa Rahma kabla ya magharibi.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku nzima juu ya ile ya saba. Hii ndiyo ngumu. Hii ilikwenda chini kweli, ikiwa bado majaribioni, mlango wa juu uko wazi. Watu themanini na kitu. Baadaye wakaitoa, wakaitengeneza upya, ikafanya kazi miaka. Naisomea fatiha kila nikiishika. Najua si Waislamu. Naisoma basi.

Mlango wake nimeuacha wazi. Mdogo kama punje ya dengu.

Rahma kaniletea sauti kwenye simu mara mbili tatu. Nimemjibu huku mikono ina gundi. Simu imechafuka yote.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijui nianze wapi.

Nimetoka hapa Ibra baada ya alfajiri, njia ya Sinaw, manowari nimezifunga kwa mataulo ya Zuwena kiti cha nyuma. Meza yangu wameiweka baina ya halwa na ubani. Sawa. Rahma alikwishafika, vikaratasi vyake vizuri, khati nzuri, kavipanga mwenyewe. Wenzake wa ofisini walikuja kumuona mjomba wake.

Akaja bwana mmoja mtu mzima, na bakora yake, na watu nyuma yake. Akasoma kwa sauti. Ya kwanza, imegharika mita arubaini na tano. Akasoma ya pili. Imegharika. Ya tatu. Imegharika. Akageuka kwa watu wake, akasema kwa Kiarabu, "Wallahi hawa jamaa walikuwa wanaunda manowari au majeneza?"

Wakacheka. Na mwenye halwa akacheka. Akaendelea moja moja mpaka ya sita, na kila moja kicheko kinazidi, na mie nimesimama kama mlingoti.

Akafika ya saba. Imegharika, wamekufa watu. Na hiyo pia wakaicheka, kwa sababu midomo ilikwishazoea.

Nilitazama vile vikaratasi. Gharikat, gharikat, gharikat. Kila pahala nilipoandika imezama chini kwa kazi yake, kazi iliyoundiwa, yeye kaandika imekufa maji.

Nikamgeukia Rahma. Mbele ya wenzake. Nikamwambia, lugha ya mamako umeitupa jaani, umebaki na maneno mawili ya kuombea chai. Nikamwambia, mamako angekuona angeona haya. Akasema, "Mjomba, lakini mimi nili..." Nikamwambia nyamaza.

Akachukua mkoba wake akaenda.

Nimeziacha manowari pale. Nimerudi peke yangu na mataulo matupu.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Sijafungua karakhana. Hasira haijashuka, imeongezeka. Watoto hawa tumewasemesha Kiswahili jikoni, safarini, wakiumwa, wakilia. Neno moja limewashinda. Moja!

Miaka kumi na minane nasoma mambo haya. Nimekuwa kichekesho cha Nizwa kwa asubuhi moja.

Zuwena kaniuliza nimemwambia nini khasa yule mtoto. Nikamwambia. Akaweka sahani chini, akanipa mgongo. Hilo nalo limenikasirisha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimesali Ijumaa, khutba sikuisikia hata neno moja. Baada ya chakula nikamwambia Zuwena, njoo usikie mwenyewe uzembe wake. Nikaitoa simu, imeganda gundi. Nilitaka kumuonesha kwamba Rahma hakuniuliza.

Kaniuliza.

Sauti yake, Jumanne mchana: "Mjomba, shikamoo. Samahani, hii 'ilizama' ni kughariki, ile ya kufa maji? Au ya kwenda chini na kurudi? Maana hapa imeandikwa fupi, siwezi kujua. Nisije nikakuharibia."

Na sauti nyengine, ya mtu ana haraka, ana kiburi, anapuliza gundi: "Kuzama ni kuzama, mwanangu. Hakuna kuzama kwengine. Andika tu."

Zuwena akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na huyo wa pili nani? Simjui."

Akaondoka kwenda kuosha vyombo.

Hasira iko pale pale, ila sasa yanielekea mie, kama pampu uliyoigeuza mdomo ikakutazama wewe. Nilimwambia mamake angeona haya. Mamake! Dada yangu, aliyenikabidhi mtoto yule kwa mkono wake. Ulimi huu. Hakuna kafara ya ulimi huu. Mtoto kaniuliza kwa adabu na kwa akili, na swali lenyewe lilikuwa sahihi kuliko maandishi yangu. Na alipotaka kujitetea nikamwambia nyamaza.

Nimepiga simu mara nne. Hapokei. Asipokee. Mie nisingepokea.

Jumamosi, 18 Oktoba

Seif kapita. Nilimwambia yote, nikitaka anicheke nipate wa kumgombeza. Hakucheka. Kasema tu, "Mpigie tena, Bwana Suleiman." Hata furaha hiyo kaninyima.

Nimepiga. Hapokei. Mumewe kapokea yake, kasema Rahma mzima, ana kazi. Adabu tupu, baridi kama maji ya mfereji wa falaji asubuhi.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimekwenda kuchukua vitu vyangu, maonyesho yamekwisha.

Nimekuta vikaratasi vyengine. Khati ile ile. Ghasat, yaani imepiga mbizi. Ya kwanza imepiga mbizi mita arubaini na tano. Ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, zote zimetengenezwa. Ya saba tu kaiacha: imegharika, wamekufa watu, Mungu ndiye ajuaye hali zao. Hayo ya mwisho kaongeza yeye.

Nimemuuliza mwenye halwa, lini hivi. Kasema Alkhamisi asubuhi, mapema, kabla hawajafungua. Yule dada alikuja akabadilisha, akapangusa vumbi manowari moja moja, akaenda ofisini. Siku moja tu baada ya maneno yangu. Kasema pia tangu siku ile watu walisimama pale wakasoma, na hakuna aliyecheka.

Sikulia mbele yake. Nimelia garini, njia nzima mpaka Sinaw. Kisha nikasimama nikasali adhuhuri.

Rahma hapokei simu, lakini atasoma. Nimeandika hivi, nanakili hapa ili nijue nimesema nini safari hii:

"Rahma mwanangu, asalaam aleikum. U mzima? Watoto wazima, na mumeo? Sisi tuko, alhamdulillahi. Nimesikiliza sauti yako ya Jumanne. Uliniuliza, na mie ndiye niliyekosa. Na yale niliyosema juu ya mamako si kweli, hayakuwa kweli hata nilipokuwa nayasema. Nimeona vikaratasi. Manowari ya saba nimekuekea, ni yako, ukitaka. Usipotaka nitafahamu. Nijibu upesi, mwanangu, hata neno moja."