Pafu Lililoinuka Darasani

Shangazi Lempi mpendwa wa gazeti letu, nisaidie kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa, maana mimi ni mwindaji, mtoto wa mwindaji, mjukuu wa mwindaji, na sasa bunduki yangu naipita ukutani bila kuitazama.

Mambo yalianza Novemba iliyopita. Pale sekondari ya kwetu yupo mwalimu wa biolojia, Bi Kangas, ambaye kila msimu hutuomba sisi wawindaji tusiwaachie kunguru viungo vya ndani vyote porini, tumpelekee moyo na mapafu ili wanafunzi wavishike kwa mikono yao wenyewe, basi kwa kuwa binti yangu Aili yumo darasani kwake, nikapeleka kwenye ndoo mapafu ya dume nililopiga asubuhi ile, koti la uwindaji la rangi ya chungwa bado mwilini, nikidhani nitaiacha ndoo mlangoni nirudi kambini kwa wawindaji wenzangu, lakini Bi Kangas akasema, "Kaa kidogo, Baba Aili, hii hujawahi kuiona," nami nikacheka moyoni, maana mapafu ya kulungu nimeyatoa tangu utotoni, kuna kipi nisichokijua?

Shangazi, sikuwa nimeona kitu. Yalikuwa yamelala kwenye sinia, mekundu, yamenywea kama soksi zilizolowa, Aili akaingiza mpira kwenye koromeo, mwenzake akaanza kusukuma pampu ya baiskeli, na mara pafu moja likaanza kujikunjua, likapanda, wekundu wa damu ukageuka waridi, likajaa na kuzidi kujaa mpaka likavuka ukingo wa sinia, na watoto ambao hata kanisani hawatulii wakasogea wote kulizunguka sinia. Bi Kangas akasema taratibu kwamba ndani yake mna vifuko vya hewa visivyohesabika, na ukivipasua na kuvitandaza vitafunika sakafu ya darasa zima. Nikaitazama ile sakafu toka ukuta hadi ukuta. Lakini pafu la pili lilikuwa linavuja, fiii, kwenye tundu. Tundu langu mimi. Tunalenga hapo sote, unajua mwenyewe, ili mnyama asiteseke. Aili akamwambia mwenzake, "We endelea tu, usiache," akaweka kidole gumba upande risasi ilikoingilia na cha shahada ilikotokea, akabana, na pafu nalo likainuka, likapumua mkononi mwa mwanangu. Nilitokwa na machozi, nikasingizia harufu.

Tangu siku hiyo sijafyatua risasi. Na Aili sasa ametimiza umri wa kuwinda, amefaulu mafunzo ya bunduki, leseni anatembea nayo mfukoni, na kaka yake nilimpeleka kambini alipofika umri huu huu, ila yeye Aili nimemwambia mgongo unaniuma. Kaka yangu Reino amenisimanga ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, mbele za watu: "Mwaka huu mgongo, mwaka ujao jino! Bwana mdogo, sema tu unawaonea huruma kulungu, tukununulie aproni." Hilo nimelimeza. Ila juzi Aili alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Baba, ni kwa sababu mimi msichana?" Nami nikanyamaza, Shangazi. Zamani alikuwa akisomea mezani jikoni nilipo, siku hizi anajifungia chumbani. Nikimweleza, naogopa nitamharibia furaha yake, nikienda naye, nitatetemeka mbele yake. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Mgongo Mzima

---

Mwenye Mgongo Mzima,

Pole. Na uone aibu pia.

Mtoto amekuuliza swali fupi na wewe ukamjibu kwa kimya. Kimya hicho yeye amekisikia kama ndiyo. Reino atakucheka mpaka theluji iyeyuke, mwache acheke, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa kwenye sauna. Lakini binti anayeamini kwamba baba yake amemwona pungufu kuliko kaka yake, huyo anaumia kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewashinda wahenga, umeficha uzima!

Sasa hayo mengine. Nyama ya kulungu nimeila tangu niote meno, na barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nimeweka mkono kifuani, nasikiliza pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nilistaajabu, sikufichi. Miaka yote hii nimetembea na jambo kubwa namna hiyo kifuani bila hata kulishukuru. Kwa hiyo usiniambie habari za woga. Umeona ajabu, ndugu yangu, na ajabu haina adabu, humtetemesha hata mwenye bunduki. Kosa lako ni kumkimbia mtu uliyeiona naye.

Kwani unadhani Aili hakujua tundu lile ni la nani? Alijua vizuri sana. Wala hakukulaumu, aliliziba.

Fanya hivi. Mwambie, "Si kwa sababu wewe msichana. Ni kwa sababu ya vidole vyako." Kisha mweleze yote, na machozi yale uliyosingizia harufu. Usimwombe aache kuwinda, hilo ataamua mwenyewe. Akitaka kwenda, siku ya kwanza utakwenda naye, bunduki yake begani kwake, yako ibaki ukutani, wewe ubebe pasti, mikate yetu ya kujaza nyama na viazi, na ufunge mdomo. Akipiga, myatoe mapafu pamoja mumpelekee Bi Kangas. Akishusha bunduki amtazame tu mnyama akipumua kwenye baridi, funga mdomo vilevile. Ukitetemeka, tetemeka. Atadhani ni baridi, au atajua, na yote mawili ni sawa.

Tena fanya haraka. Umeficha jina lako, halafu ukamtaja Reino, ukamtaja Bi Kangas, ukamtaja na Aili mwenyewe! Mji mzima utakuwa umekujua kabla kahawa haijachemka, na gazeti hili binti yako atalikuta mezani akitoka shule. Asiyasome haya kabla hajayasikia kwako.

Yeye aliziba tundu lako mbele ya darasa zima. Lile ulilotoboa juzi jikoni bado linavuja. Weka kidole.