Kikasha Kinachong'aa

Muleba, 3 Mei 2024

Mwanangu Jovinary,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wewe je? Na hilo vumbi la mbao huko Nyakato, kifua kinasemaje?

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa siisikii mpaka niiweke sauti kubwa, na nikiiweka sauti kubwa majirani wote wanakuwa wajumbe wa ukoo. Hili ni letu wawili kwanza.

Mdogo wako Jovina amepata mchumba, kijana wa Ta Yeremia, yule mzee wa ng'ambo ya mto. Wazee wao watakuja kujitambulisha katikati ya Juni. Unajua kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna. Sasa kile kikapu cha shangazi yako Teodora, anachowekea punje za kahawa akishazichemsha na kuzikausha, tangu wewe hujazaliwa, kimechakaa ukingo. Nataka kikasha kidogo chenye kifuniko. Nimempa Odeta, yule jirani anayefanya biashara ya ndizi huko, kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha marehemu mama yako.

Ndani usipake kitu chochote. Nje paka nta niliyoifunga pamoja na mbao, kidogo leo, kidogo kesho, unasugua kwa kitambaa mpaka kiganja chenyewe kiridhike. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Ta Yeremia ni mtu wa kutazama vitu kwa karibu, usinitie aibu.

Mimi baba yako,
Bagenda

---

Nyakato, Mwanza, 6 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua hakijambo, kazi ndiyo inayonikohoza. Pole kwa goti. Msalimie shangazi Teodora na umwambie nimeikumbuka mikono yake.

Kikasha ndicho hicho, Odeta atakufikishia. Ukikifungua mng'ao usikutishe, maana utajiona uso humo mpaka ndevu. Nimefuata ulivyoniambia, ila nimeongeza kidogo mambo ya mjini. Wateja wetu wa hapa, kitu kisichong'aa hawakiiti kipya. Acha wakwe wajue Jovina ana kaka fundi.

Hongera nyingi kwake. Niandikie walivyosema walipokiona.

Mwanao,
Jovinary

---

Muleba, 19 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Hatuumwi, ila afya ya nyumba si nzuri.

Wageni walikuja. Tulikaa vizuri, kila mtu na kanzu yake. Kikasha kilipotolewa walikisifu kweli, Ta Yeremia alikigeuza geuza kwenye jua kama anayetaka kukinunua. Kisha nikafungua, nikatafuna ya kwanza kama inavyompasa mwenye nyumba, nikampitishia. Ta Yeremia akatafuna mara moja akaacha. Akatoa leso, akatema. Wenzake nao wakatema, mmoja mmoja. Mtu akanong'ona kwamba wamepewa sumu. Wengine walicheka kidogo, lakini unajua neno hilo kwetu si la kuchezea mbele ya kahawa.

Waliondoka na adabu zao zote. Mahari haikutajwa. Siku ya kurudi haikutajwa. Jovina amejifungia chumbani, hataki hata chai.

Wanaukoo wanasema ni Teodora. Eti kazeeka, eti alichemshia kahawa kwenye sufuria lililoshika mafuta ya taa. Anaapa kwamba sivyo. Sasa nakuuliza wewe uliyekitengeneza: ndani ya kile kikasha ulipaka nini?

Baba yako,
Bagenda

---

Nyakato, 2 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesikitika sana, na pole kwa yote.

Ndani sikupaka kitu kibaya. Vitu vyangu vinauzwa mjini kote, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nadhani ni hayo mafuta ya taa kweli. Shangazi macho yake si ya zamani, na jikoni kwake chupa zote zinakaa pamoja, nakumbuka. Tusimlaumu sana, ni uzee.

Mpe pole Jovina.

Mwanao,
Jovinary

---

Nyakato, 11 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, ingawa hujanijibu, na sasa nasikia kwa wengine habari za nyumbani kwangu.

Jovina amenitumia ujumbe. Anasema shangazi Teodora amehama hapo nyumbani, yupo kwa Rebeka, binamu yake, na kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango ili atoke kabla watu hawajasalimiana. Anasema kwenye msiba wa juzi walimwondoa jikoni. Shangazi, Baba! Aliyetupikia kahawa ya kila mgeni, mpaka padri.

Niliusoma ujumbe huo mbele ya wenzangu nikajifanya nasoma taarifa ya kukatika umeme. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya mapema. Nilikuwa na vipande vilivyobaki, nikaunga kisanduku kingine, nikakipaka vilevile, nikaweka kahawa ya kutafuna ya dukani, nikafunika. Asubuhi nikatafuna moja. Ulimi uliwaka. Harufu ilikaa kooni mpaka mchana, na ugali wote ukawa na ladha ya thina ya kuzimulia rangi.

Nilipaka vanishi, Baba. Nje na ndani. Ile ya kung'aa, ya kopo, unapitisha brashi mara moja na kazi imekwisha. Nta yako bado ninayo, sikuifungua hata karatasi. Nilikuwa na makabati ya mteja yananisubiri, nikajiambia hakuna atakayejua tofauti, na nikajidanganya kwamba wakwe watapenda zaidi. Ukweli ni kwamba nilitaka wanione mimi. Ndani nako nikapitisha brashi kwa sababu ilikuwa bado ina vanishi na niliona uchungu kuimwaga. Kifuniko nilikifunga kikiwa bado kinanata, kwa sababu meli ilikuwa inaondoka.

Na uliponiuliza, nikamtupia mama mzee. Naona haya kuandika hata jina lake. Mtu aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, mimi nikaandika kwamba haoni chupa zake. Sijui nitasimamaje mbele yake. Wasomee barua hii ukoo wote, Baba, usinifiche.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Jovinary

---

Muleba, 27 Agosti 2024

Mwanangu Jovinary,

Salamu. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma peke yangu shambani, chini kabisa kwenye migomba, mahali ambapo Jovina hawezi kuniona uso.

Umeniomba niwasomee ukoo. Nitakuambia kwa nini imenichoma.

Nilijua. Asubuhi ile kabla ya wageni, nilipofungua kikasha kilininukia mpaka machozi. Teodora alikuwa amesimama pembeni na kahawa yake kwenye sinia. Akaniambia, "Kaka, hiki kinanuka. Acha niweke kwenye kikapu changu, ukingo nitaufunika kwa jani." Nikamwambia anyamaze, wanawake wa zamani hawapendi vitu vipya. Nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote kwamba mwanangu ameleta kitu kinachong'aa kutoka Mwanza. Nilijiona uso humo kama ulivyoniandikia, na uso ule ulinipendeza.

Nilipotafuna ile ya kwanza, ulimi wangu nao uliwaka. Mwenye nyumba anatafuna kwanza ili mgeni aamini kwamba hakuna ubaya. Hiyo ndiyo maana yake, haina nyingine. Nami nikameza, nikatabasamu, nikampitishia Ta Yeremia. Walipomnyooshea Teodora kidole, alinitazama mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Nilikuuliza ulipaka nini ilhali nimeshanusa. Nilitaka wewe useme ili nisiseme mimi. Na barua yako ya mafuta ya taa ilipofika, mwanangu, nilifurahi. Niliisoma kwa sauti kwenye kikao cha ukoo, Teodora akiwa amekaa palepale. Hakubisha. Alinyanyuka, akafunga kitenge chake, akaenda kukusanya nguo. Nami nikaikunja barua nikaiweka mfukoni.

Kwa hiyo usijibebeshe yote. Wewe ulipaka, mimi nililisha watu.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Rebeka. Nilisimama uani kama mtu anayedai kuku wake, sikujua nianzie wapi. Nikasema tu, "Dada, nilinusa." Akaendelea kuchambua maharage. Alipomaliza akasema, "Najua ulinusa. Nilikuwa nimesimama pale." Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na nina umri huu.

Tukaenda wote wawili kwa Ta Yeremia, na ukoo nikauita uje hukohuko siku hiyohiyo, nikasoma barua yako kisha nikasema ya kwangu, ambayo hakuna aliyeyaandika. Baadhi ya wanaukoo walitoka. Ta Yeremia akasema watarudi baada ya mavuno ya maharage, ila kahawa atakayokula ni ya mkono wa Teodora, na atapewa na Teodora mwenyewe, si mimi. Jovina amekunywa chai.

Lakini shangazi yako hajarudi nyumbani. Amesema atakuja kuchemsha na kurudi kwa Rebeka. Nimemwomba sana. Kumbe zile kahawa za siku ile hakuzitupa. Baada ya wageni kuondoka alizikusanya zote zilizobaki, akazifungia kwenye kopo, nalo analo mpaka leo chini ya kitanda. Amesema hataki samahani ya maneno, maneno ameyasikia kikaoni. Anataka kila mmoja wetu atafune moja mbele yake, ameze, na amtazame yeye, si viatu. Baada ya hapo ndipo atafikiria habari ya kurudi.

Mimi nimeshatafuna ya kwangu. Haijapungua makali.

Yako ipo.

Baba yako,
Bagenda

---

Nyakato, 4 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo, na shikamoo ya shangazi mfikishie, hata asipoiitikia.

Nimeomba ruhusa kwa fundi mkuu. Nakuja na meli ya wiki ijayo, nitashuka bandarini Kemondo na kwenda moja kwa moja kwa Rebeka, kabla sijafika nyumbani. Nta nakuja nayo, na msasa wa kukisugulia kikasha, lakini hivyo ni vya baadaye.

Mwambie shangazi asizitupe zile kahawa.

Mwanao,
Jovinary