Shangazi, Mashine Hiyo Usiifurahie Bado

Chumba cha vibarua,
Nyuma ya ghala la mabomba.
9 Novemba, mwezi wa kumi na nne tangu niondoke.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na ule mgongo unakupa nafasi ya kulala. Mimi mwili mzima, ila mikono imechanika kwa kukaza mabomba na roho haijatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenitania, tungecheka, na jambo lenyewe lingenishinda kulisema.

Kazi ni ile ile. Tunazunguka kwenye nyumba ndogo za wageni, tunazisaidia zisipoteze umeme na maji. Tunabadilisha balbu, tunaziba vyoo vinavyovuja, tunafunga mabomba ya kuogea yanayotoa maji kidogo, tunapandisha sola juu ya bati. Ni kazi nzuri, sikatai. Kuna wenye nyumba ambao bili ziliwafika shingoni, leo wanapumua.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye nyumba moja karibu na kituo cha mabasi. Mwenyewe ni mjane. Mfuaji wake ni mama wa makamo, kila mtu anamwita Mama Povu. Kwa mdomo wake, Shangazi, ungedhani mmenyonya ziwa moja. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa bafu, akatazama bomba nililofunga.

"Wewe fundi, hili ni bomba au ni mtu anatema mate?"

"Ndiyo kubana matumizi, mama."

"Haya, baneni. Maji yakiisha mtakuja kutubana pumzi."

Kila mchana alitubakizia chai. Siku ilipoletwa mashine ya kufulia, ile isiyokunywa maji mengi, alishika upande mmoja akabeba pamoja nasi. Akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akaipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. "Karibu, mke mwenza. Wewe chukua mablanketi, mimi niachie foronya." Tulicheka mpaka msimamizi wetu akatugombeza. Alijua imeletwa imsaidie. Na mimi nilijua hivyo hivyo.

Kumbe pamoja na mashine kulikuwa na vikaratasi vya kuweka kitandani: mgeni anayekaa siku kadhaa habadilishiwi shuka mpaka aombe. Shuka za kufua zikapungua. Kamba za kuanikia uani zikabaki tupu. Haikuchukua muda, mwenye nyumba akamwita Mama Povu jikoni, akamwambia mgongo wake umechoka, sasa akapumzike.

Ni kweli Mama Povu alikuwa akiulalamikia mgongo. Hakujua kwamba maneno yake yanawekwa akiba.

Nilikwenda kumsemea. Mjane yule si mtu mbaya, alilia mbele yangu. "Kijana wangu," alisema, "nikimbakiza yeye nitafunga nyumba. Nikifunga, si yeye tu, hata mpishi anakosa kazi." Nilitoka na bisibisi mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Asubuhi aliyoondoka nilimbebea beseni lake mpaka barabarani. Akaniambia, "Mbona umenuna kama aliyefukuzwa ni wewe? Shika vizuri, utanivunjia beseni." Gari likaja, akapanda, hakugeuka.

Sasa Shangazi, nakuja kwako. Juzi kwenye simu uliniambia kwa furaha kwamba tajiri wako naye ameomba mpango huu, na mashine italetwa mwezi wa pili ili wewe upumue. Nilikupa hongera nikakata simu. Shuka unazofua kwenye nyumba hiyo ya wageni ndizo zilizonilisha na kunivisha baada ya baba kufariki. Sisemi kwamba lazima itakuwa kama huku. Nasema usilale.

Usimwambie tajiri wako kwamba mgongo unakuuma, hata akikuuliza kwa upole. Mwombe sasa hivi kwamba wewe ndiye utakayefundishwa kuiendesha mashine, na muda utakaobaki utasafisha vyumba. Akikataa, afadhali ujue mapema. Mimi shule sikuifikisha mbali, siwezi kumwandikia mtu kama yeye. Lakini kwa mdomo naweza kukaa naye tukaongea, maana kazi yenyewe naijua ndani na nje.

Nisalimie binamu yangu fundi cherehani na mkewe, na bibi umwambie nimekumbuka dawa yake ya macho. Mungu akulinde, Shangazi, na mikono yako aitunze.

Msimamizi ametaka niongeze mkataba mpaka katikati ya mwaka. Nimekataa. Nitafika wiki ya pili ya Januari, ili mashine hiyo ikiletwa inikute nimesimama karibu yako.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Mtoto wa kaka yako.