Kilichozima Gari la Baba

Östersund, 12 Februari 1991

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti lako limetulia kidogo na baridi hii. Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha nikuandikie.

Gereji imenileta kwenye kozi ya wiki sita, nijifunze kutafuta ugonjwa wa magari haya ambayo cheche za plagi zinaamriwa na kompyuta. Tuko tisa, mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza Roland, fundi mnene kutoka Sundsvall, aliniuliza kama nimekuja kupika kahawa. Nikamjibu, "Kahawa utapika wewe, mimi nitakusomea mita." Tangu hapo ananiita bosi.

Mwalimu wetu, mzee Sixten, hachoki kutuonya tusiiamini injini iliyopoa. Jumanne iliyopita alituletea sensa ya krenki, kidude kama kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Aliipima ikiwa baridi: nzima. Akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, sindano ya mita ikaanguka. Alieleza kuwa ikipata joto waya wa ndani unaachana, kompyuta inakuwa kipofu, cheche zinakatika zote kwa mpigo na gari linazima safarini. Ikipoa, linawaka kama hakuna kilichotokea. "Mwenye gari atakuapia," alisema, "na wewe utamwona mwongo."

Nilitoka nje kwenye theluji, nikilifikiria gari la Baba.

Jumamosi nilikwenda kwa Alvar, yule anayenunua magari mabovu. Gari la Baba bado liko nyuma ya banda lake, limekunjika nyuma kama karatasi, injini haijaguswa. Alvar alinishikia tochi. Nilifungua sensa, na jana nikaipasha joto darasani. Ilikufa mara tatu, ikafufuka mara tatu.

Mama, miaka miwili sasa watu wanasema Baba aliliegesha gari kwenye reli makusudi, kwa kuwa dereva wa treni alimwona ameketi, kichwa kimeinama. Nawe uliamini amekuacha, hukutaka hata jina lake liandikwe kwenye jiwe la kaburi. Hakuwa akingoja treni. Alikuwa ameinamia ufunguo. Hata nikifumba macho nasikia starta inazunguka, inazunguka, injini haishiki.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Siku nne kabla ya msiba, Baba aliniachia gari hilo gereji jioni, akisema limemzimikia mara mbili njiani. Nililipima asubuhi, limepoa kama jiwe, cheche safi kwenye plagi zote nne. Nikamtania mbele ya wenzangu, "Gari zima hili, Baba. Labda dereva ndiye anayezima." Naye alicheka, akanishukuru, akachukua ufunguo. Siku ya maziko ulinishika mkono ukanifariji, nami nikanyamaza. Niliona afadhali uamini kwamba hakukupenda, kuliko ujue kwamba mimi sikumsikiliza.

Msalimie shangazi Berit na majirani wote. Jumapili nitakuja na basi la saa sita mchana. Nikikuta mlango umefungwa sitagonga mara ya pili. Nitakwenda makaburini peke yangu, nikamwombe yeye radhi kwanza.

Binti yako,
Gunvor