Kwa Dada Yetu, Msimamishaji wa Visahani

Mwaka umezunguka, dada, tangu ututoke, na juha wa siku ile bado ni mimi. Acha nianze hapo, maana ungekuwepo ungeanza hapo hapo, tena mbele ya wageni.

Uliniita maabara nizibe bomba lililovuja chini ya sinki. Nikaona visahani vyako vya plastiki, vyenye jeli na miche myembamba kama uzi, vimesimama wima kama vitabu. Nikajisemea, wasomi hawa, hata kupanga vyombo kunawashinda! Nikavilaza vyote, nikaenda zangu nikijisifu.

Kumbe kisahani kikisimama, mzizi hushuka umenyooka, ukapimika. Kikilazwa, unazama kwenye jeli na kujisokota ovyo. Ulipovikuta, hakukuwa na cha kupima.

Na kazi ile ndiyo iliyokuwa roho yako. Ulikuwa na mimea ambayo mizizi yake imedumaa. Mkuu wako alisema ni migonjwa, itupwe, na chumba apewe mwingine. Wewe ukashikilia kwamba ni jeni moja tu imeharibika; ukiirudishia nzima, mizizi itarefuka. Mbegu ulizozirudishia jeni hiyo zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa kwenye visahani nilivyovilaza.

Hukunifokea. Ulinikalisha kwenye hadubini. "Tazama, fundi." Nikaona chembe za mzizi mzima zimeungana kama vipande vya bomba: karibu na ncha vifupi, juu yake virefu. Kwenye mzizi uliodumaa, vyote vifupi.

"Hizi hazikuambiwa zirefuke," ukasema.

"Na mimi na ufupi wangu huu?"

"Wewe uliambiwa, ukabisha."

Ukapanda kiganja cha mbegu kilichobaki, ukavisimamisha visahani, ukabandika karatasi mlangoni: Fundi haingii. Mkuu alipokuja, mizizi ilikuwa imeshuka mirefu, imenyooka kama uzi wa timazi. Akaitazama, akavuta kiti, akaitazama tena. "Chumba ni chako," akasema.

Chai yako ilipoa kila siku pembeni ya hadubini ile. Lakini mfagiaji wa maabara anasema hukuwahi kumpita bila kumuuliza mwanawe anaendeleaje shuleni. Wanafunzi wako uliwapigania kama miche yako: hakuna aliyedumaa ukamtupa.

Wanaokukumbuka ni mama, shemeji yetu mumeo, binti yako, wadogo zako, wanafunzi wako na mimi fundi wako. Kukukumbuka hatuachi, hata tukigombana. Na wiki hii tumegombana, kuhusu jiwe la kaburi lako. Shemeji anataka lisimame. Mimi nikasema lilazwe, upepo usije ukaliangusha. Nikaeleza kifundi, nikapima kwa mikono, mpaka mama akaanza kunikubali.

Binti yako akanitazama kwa yale macho yako.

"Mjomba, vya mama usivilaze tena."