Kitanda Kando ya Barabara

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Bado niko Nakuru! Nilidhani leo ningeandika nikiwa juu ya mawingu. Ninaandika juu ya sanduku langu, barazani kwa kampuni ya ndege, na sanduku halijasogea tangu asubuhi.

Jana waliniaga nyumbani Mbaruk. Kambi nzima ya wafanyakazi wa shamba ilikuja, hata watu ambao hawajawahi kunisalimu. Mchungaji aliomba mpaka watoto wakalala – akamwombea rubani, akaombea mabawa, akaombea petroli. Kisha Baba akafanya ya mila yetu. Alichukua maziwa lala kwenye kibuyu, akajaza kinywa, akaninyunyizia kifuani. Mchungaji akawa anatazama ng'ombe. Shati langu jeupe! Mama akasema nisilifue mpaka nifike chuoni Uingereza.

Katika ukoo wetu, mtu akishabarikiwa kwa safari harudi tena chini ya paa lile mpaka kwanza afike anakokwenda. Akirudi njiani, baraka inageuka. Inageuka kuwa nini, sijui, maana hakuna aliyejaribu. Mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto kwamba radi ni umeme. Lakini jana nilipotoka mlangoni sikugeuza shingo.

Jambo la kuudhi ni kwamba gari la kutupeleka uwanja wa ndege wa Embakasi linapita mbele ya geti la shamba letu. Niliomba wanichukue pale. Wakakataa – abiria anachukuliwa ofisini tu. Kwa hiyo nimekuja Nakuru ili nirudishwe kulekule nilikotoka.

Jioni karani ametoka nje, kijana anaitwa Omolo, tai imenyooka. Ndege imechelewa kutoka Ulaya. Gari litaondoka kesho asubuhi. Wazungu wamepelekwa hoteli. Sisi wawili, mimi na msichana mmoja anayekwenda kusomea uuguzi, tumeambiwa tuna ndugu zetu mjini. Mimi kweli ninaye – binamu yangu Kipkemei, wa godauni la reli, ana chumba Bondeni. Lakini kampuni ilijuaje?

Jumanne, 2 Septemba

Kesho asubuhi, anasema Omolo.

Yule msichana anaitwa Wariara. Ametoka Gilgil, na watu wa kabila lake hawaruhusiwi mjini bila kibali. Chake cha kukaa Nakuru kilikuwa cha jana tu. Polisi wakimshika atalala ndani, ndege au hakuna ndege. Alimwambia Omolo dirishani: "Sasa askari akiniuliza, nitamwonyesha nini? Hii kesho yenu?" Omolo akasema ngoja kidogo. Akafunga kidirisha taratibu, kwa adabu kabisa.

Nilimwambia Wariara tuwe wapole, labda ni hali ya hewa. Akanitazama. "Mwalimu, wewe ndio wanapenda. Wewe unaweza kungoja hapa mpaka uote majani."

Nimecheka, lakini imeniuma. Ni kweli ninangoja vizuri. Nimelelewa kungoja: kungoja bwana mwenye shamba aamke, kungoja ng'ombe ateremshe maziwa, kungoja matokeo ya mtihani. Nilidhani ni tabia njema.

Jumatano, 3 Septemba

Kesho. Mvua. Kipkemei ananiuliza kama ndege hiyo ipo kweli.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku mbaya.

Dada yangu Chepkurui amekuja na lori la maziwa, lile analoendesha Hiram, linalokusanya maziwa ya mashamba na kuyaleta mjini kila asubuhi. Nilimwona anashuka, nikajua. Baba alianguka zizini Jumatatu, akikamua. Kifua. Hawezi kusimama, na usiku anapumua kama mtu anayepanda mlima. Daktari wa misheni amemwona. Akamwambia Mama awaite watoto.

Watoto ni mimi na Chepkurui.

Nilichukua koti hapohapo. Chepkurui akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa wadogo. "Baba amekataa," akasema. "Amesema usirudi. Amesema, nimemtoa mwanangu kwa mdomo wangu, simrudishi kwa ugonjwa wangu."

Nikasema huo ni ushenzi. Neno hilo nililijifunza shuleni, si kwetu. Chepkurui hakukasirika. Akanipa ujumbe wote kama alivyopewa: Baba amesema siwezi kurudi, lakini naweza kupita. Gari la ndege litapita getini. Barabara haina paa. Basi kila asubuhi watamtoa na kitanda chake, watamweka kando ya lile jukwaa la getini, linalopakiwa makopo ya maziwa, na atakaa pale mpaka jioni. Leo wamemtoa mara ya kwanza. Amevaa kofia yake nyekundu ya sufu ili nimwone kwa mbali.

Amekamua ng'ombe wa watu tangu sijazaliwa. Maziwa yote yamepita kwenye jukwaa lile. Na mzee huyo, anayejua wingu gani lina mvua na lipi linadanganya, sasa amelala nje akitegemea neno la kampuni!

Shati limeanza kunuka. Kipkemei amefungua dirisha.

Ijumaa, 5 Septemba

Hiram ameleta habari: mzee yuko nje, kofia kichwani, aliinua mkono lori lilipopita. Asubuhi Mbaruk ni baridi ya kukata masikio. Nilimpa Hiram ujumbe, wasimtoe mpaka mimi nitume neno la siku hasa.

Kisha nikaenda kuitafuta hiyo siku hasa. Nilimkuta Omolo nyuma ya ofisi anakula mkate. Nilikuwa nimetayarisha hasira ya wiki nzima. Nikamweleza yote, Baba, kitanda, baridi. Nikamwambia sitaki maneno matamu, nataka siku moja ya kweli, hata kama ni mbali.

Akaacha kutafuna. "Mwalimu, mimi hakuna kitu wananiambia. Simu inalia huko ndani, meneja anaongea, anacheka, anaweka chini. Nikiwaambia watu sijui, ananiuliza mimi ni karani wa nini. Basi nasema kesho."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku moja itakuwa kweli."

Nikakosa pa kuiweka ile hasira. Akanigawia mkate, nikala. Tulikaa pale wawili, mmoja anadanganya na mmoja anadanganywa, na wote hatujui kitu.

Jumamosi, 6 Septemba

Jibu la Baba kupitia kwa Hiram: hapana. Kampuni isiyojua siku inaweza kuondoka siku yoyote. Atakaa nje.

Ana akili kuliko ofisi nzima.

Nikaingia kwa meneja mwenyewe. Sikubisha mlango vizuri, nadhani. Nilisema kwa Kiingereza, sentensi nilizozipanga tangu alfajiri: baba yangu ni mgonjwa sana, naomba kujua siku, na naomba gari lisimame kidogo tu penye geti la Mbaruk. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni, bila kuinua kichwa. "Gari nakuja, wewe nakwenda. Gari hapana kuja, wewe nangoja." Nikasema tena kwa Kiingereza. Akajibu tena kwa Kiswahili. "Hii gari ya kampuni. Hapana teksi."

Nje Mzungu mmoja mzee, abiria mwenzetu, alikuwa analalamika kwamba chai ya hoteli ni baridi. Omolo aliandika malalamiko yake yote.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani Bondeni. Nilipiga magoti, nikashindwa kuomba.

Wiki iliyopita ombi lilikuwa rahisi – ndege ije. Mkuu wa chuo alishasema hawangoji mtu. Nikichelewa nafasi inakwenda kwa mwingine. Sasa nikiomba gari lije, ninaomba kumwacha Baba. Nikiomba lisije, ninaomba wamtoe tena kesho kwenye umande. Na nikiomba apone, je, naomba kwa ajili yake au kwa ajili yangu niende kwa amani?

Nilibaki magotini mpaka watu wakasimama. Labda Mungu naye amezoea kungojewa.

Ninampenda baba yangu. Sijawahi kuliandika neno hilo, na sijawahi kumwambia. Kwetu haliambiwi, mtu hunyunyiziwa maziwa tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Hiram hakushuka leo. Alisema kutoka dirishani, injini inanguruma: kofia iko kichwani, lakini mzee hakuinua mkono.

Nikafunga sanduku. Nikamwambia Wariara basi, nakwenda Mbaruk, chuo kibaki na nafasi yake. Wariara alikuwa amejificha ndani ya baraza, nyuma ya magunia ya duka la jirani, kwa sababu ya askari. Anaingia huko kila akiona kofia ya polisi. Hakunibembeleza.

"Mzee wako analala kwa baridi akuone ukienda," akasema. "Hajalala hapo akuone ukirudi. Sasa ukishuka na hilo sanduku mbele yake, utamwambia nini?"

Nikakaa juu ya sanduku. Baadaye kidogo akauliza getini pakoje, kama pana kona au ni pamenyooka, na kama dereva ataona jukwaa kwa mbali. Nikamweleza: baada ya daraja, mteremko mdogo, jukwaa la mbao mkono wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa dozi ya dawa.

Jumanne, 9 Septemba

Ninaandika garini! Herufi zinaruka, sitajali.

Asubuhi ilikuwa kesho kama kawaida. Hiram alipita na habari ileile, kofia iko, mkono haukuinuka. Akageuza na makopo matupu, akaenda zake. Kisha mvua kubwa ikaanza. Saa nane Omolo akatoka mbio, tai imekaa begani: "Panda! Panda sasa hivi!" Wiki nzima ya kungoja, halafu hakuna hata nafasi ya kufunga kamba ya kiatu. Na hakuna lori la kupeleka neno nyumbani.

Nilikuwa tayari kwa kucheleweshwa. Kwa leo hii moja nilikuwa ninaombea kucheleweshwa, mpaka mvua ikatike, mpaka Hiram apite tena. Na leo ndiyo siku waliyochagua kuwa watu wa haraka.

Omolo aliinama dirishani kwa dereva, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Nilisikia Mbaruk. Dereva alimtazama meneja, ambaye amekaa mbele karibu naye, anakwenda nasi Embakasi. Dereva akawasha injini. Omolo akanipa mkono kwenye dirisha langu. Mkono wake ulikuwa umelowa. Alisema nimsamehe, na mimi nikasema kesho. Tukacheka wote, vibaya.

Lanet tumepita. Mvua haikatiki. Wazungu wako viti vya mbele wamelala. Mimi na Wariara nyuma kabisa, juu ya gurudumu.

Ninawaza: hawatakuwa wamemtoa. Nani amtoe mgonjwa wa kifua kwenye mvua hii? Mama si mjinga. Watakuwa wamemwingiza, yuko chini ya paa, paa ambalo mimi siwezi kuingia, na nitapita kando ya jukwaa tupu. Ni vizuri. Atakuwa pakavu. Ninajiambia ni vizuri.

Nimemwomba dereva. Nilisimama, nikamwita "mzee" kwa heshima, nikasema tafadhali, penye jukwaa la maziwa. Meneja amejibu badala yake, bila kugeuka: "Kaa chini."

Nimekaa.

Wariara ameninong'oneza: "Mimi natapika Mbaruk."

Nikamuuliza anaumwa? "Siumwi. Lakini nitatapika, na nitatapikia viti vya kampuni, na nitalia. Hakuna meneja anaweza kukataza mtu kutapika. Wewe fungua koti, mzee aone lile shati."

Nimefungua koti. Harufu imejaa nyuma yote. Kwa mara ya kwanza haikunitia aibu.

Daraja. Wariara ameshika mdomo, ameanza kugumia. Mzungu mmoja ameamka.

Mteremko. Naliona jukwaa. Kuna watu! Chepkurui – na watu wengi wa kambi, wameshika turubali la lori kwenye pembe zote, na chini yake kitanda. Mama yuko kando mvuani. Wamemtoa. Mvua hii yote, wamemtoa.

Wariara anapiga kelele sasa, anagonga kiti. Dereva anatazama kioo. Meneja anasema twende, twende. Siioni kofia kichwani. Kichwa kiko juu ya mto na hakina kofia.

Nimeshika kitasa cha mlango wa nyuma.

Kofia iko juu hewani, nyekundu, inapepea. Mkono ulioishika si wa Mama, unatoka kitandani. Gari bado linakwenda –