Maiti Saba za Chumbani Kwangu

Magoma, Jumanne

Yowe la Bibi Mwanahawa bado limo masikioni mwangu.

Alichungulia chumba changu cha yoga, ambacho hakijatimiza hata mwezi, akaona wanawake saba wamelala chali mikekani, wamejifunika khanga, kimya. Walikuwa wakipumzisha migongo baada ya mazoezi, maana jembe la shamba la ujamaa limewachosha. Yeye akadhani wamekufa. Kijiji kizima kikaja msibani.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakucheka. "Ndugu Zaina, hiki ni chama au uganga? Kesho uje ofisini, na majina ya wote uje nayo."

Nimeandika sita. Wa saba ni mkewe, aliyetorokea mlango wa uani.

Nimfiche? Bibi Mwanahawa anapita nyumba kwa nyumba akiapa kuwa alihesabu maiti saba.